Ng'ombe Hawaonekani

"Basi na mimi nifukuzeni," nilimwambia Sylvester, "maana mchoro ni wangu."

"Mama Winfrida, hakuna aliyetaja kufukuza. Tumesema kumpumzisha."

"Mtu anapumzishwaje hajasema amechoka?"

"Funguo sitoi," akasema Dorah kutoka mlangoni. Alikuwa ameegemea fremu, funguo za mapokezi kaziminya kifuani kama mtoto mchanga. "Mzee Mniko alinipa kwa mkono wake. Akizitaka, nitamrudishia mkononi mwake, tukiangaliana machoni."

"Mzee yuko njiani anatoka Matongo," Sylvester akasema, akaisogeza barua katikati ya meza ili sote tuione. "Akifika ni saini tu."

Sylvester ni katibu wa kituo cha afya cha Mzee Mniko hapa Kerende. Ni kijana msafi, anapiga pasi hata soksi, na ana imani kubwa na kitu chochote chenye rangi. Dorah amekaa mapokezi tangu kituo kifunguliwe. Mimi si mwajiriwa wao. Nina stashahada ya kompyuta na ofisi ndogo Nkende, mjini Tarime, na kazi yangu ni kuhudumia mitandao ya shule, maduka na vituo kama hiki. Naja wakinihitaji. Siku ile sikuitwa. Nilisikia Dorah anaachishwa kazi kwa ushahidi wangu, nikapanda bodaboda.

Ushahidi wenyewe ulikuwa umebandikwa kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya ratiba ya chanjo, umechapwa kwa rangi.

Nieleze. Kwenye kituo kile kuna swichi, si ya kuwashia taa bali ya mtandao. Ni sanduku la chuma lenye matundu mengi, na kila chumba kina waya wake unaoingia kwenye tundu lake. Intaneti inakuja kwa mlango mmoja, swichi inaigawa. Mwaka jana watu walikuwa wanagombana kila wiki: maabara wanasema famasi wanaimaliza, famasi wanasema uhasibu, uhasibu wanasema ni Mungu. Nikawawekea programu inayofuatilia kila tundu na kuchora mstari: kinachoingia kiasi gani, kinachotoka kiasi gani. Niliwaambia itamaliza ugomvi. Kabla ya mchoro waligombana kwa kukisia. Baada ya mchoro wakagombana kwa ushahidi.

Na ushahidi ulisema mapokezi. Mistari mingine ilikuwa inapanda asubuhi, inashuka watu wakienda kula, inalala kituo kikifungwa, kama binadamu. Mstari wa mapokezi ulikuwa mwekundu, juu kabisa, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Aliyelalamika kwanza ni binti yangu mwenyewe. Winfrida ndiye mtaalamu wa ultrasaundi pale kituoni. Anapiga picha, anazituma kwa daktari bingwa Mwanza, daktari anasoma, anajibu. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Kwa wiki kadhaa sasa picha zinatambaa. Wajawazito wanakaa kwenye benchi mpaka wanaota mizizi, kisha wanaambiwa rudini kesho, wanapanda bodaboda na matumbo yao kurudi Matongo. Winfrida alichoka, na kwa kuwa mdomo aliurithi kwangu, alisimama kwenye kikao cha wafanyakazi akasema, "Mapokezi kuna mchwa. Unakula intaneti yetu, na unavaa wigi."

Halafu Sylvester akanipigia simu kuniuliza mzigo huo unakwenda wapi. Nikaangalia, nikamjibu ukweli: sehemu kubwa inakwenda Kenya.

"Dorah ana ndugu Migori," akasema. Upelelezi ukaishia hapo.

Mimi nina shemeji Kehancha, Kenya hiyo hiyo. Nusu ya Tarime ina ndugu ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Lakini sisi wengine hatukai mapokezi.

"Sylvester," nikamwambia, "njoo hapa kwenye ubao. Hiki kinachoingia, hiki kinachotoka. Mstari mwekundu ni upi?"

"Kinachotoka."

"Mtu anayeangalia sinema anavuta. Anachota kisimani. Huyu hachoti, huyu anamwaga. Kuna kitu kinasukumwa kutoka hapa kwenda nje, mchana na usiku."

"Anawatumia ndugu zake video."

"Nyasaye!" Dorah akajipiga paja. "Video za nini? Za watu wanaopanga foleni? Ndugu zangu wana foleni zao!"

"Na Jumapili?" nikauliza. "Dorah Jumapili yuko kanisani, kituo kina nesi wa zamu tu. Mbona mstari haukwenda ibada?"

Sylvester akautazama mchoro kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. "Mchoro si wako? Mchoro unasema mapokezi."

"Unasema tundu la mapokezi. Haukusema Dorah."

"Mapokezi ni Dorah."

Nikaona maneno hayatafika. Nikawachukua wote wawili mpaka mapokezi. Nikafungua kompyuta yangu ndogo juu ya kaunta, mchoro ukiwa unatembea. Nikamwambia Dorah azime kompyuta yake. Akazima. Nikachomoa na waya wake wa umeme, nikampa Sylvester aushike mkononi ili moyo wake utulie. Tukautazama mstari mwekundu. Haukutikisika.

"Labda kuna kirusi," Sylvester akasema, waya mkononi.

"Kirusi kinachoishi bila kompyuta? Pisha."

Nikavua viatu, nikafunga kanga, nikaingia chini ya meza. Sijui kwa nini watu wanafikiri kazi ya mtandao ni ya kukaa kwenye kiti. Kule chini kulikuwa na ndala moja, maboksi ya glavu, na nyuma ya maboksi kitu kidogo cheusi kinachopepesa taa za kijani. Kiswichi, vile vidogo vya matundu machache vinavyouzwa Sirari. Waya wangu kutoka ukutani uliingia pale. Kutoka pale mmoja ulikwenda kwenye kompyuta ya Dorah. Mwingine, mpya, ulipita kwenye tundu lililotobolewa chini ya ukuta na kutoka nje, nyuma ya kituo.

Mwezi mzima nilikuwa nakaa Nkende na chai yangu, naona kila kitu kinachopita Kerende, isipokuwa kilichoko chini ya meza.

"Dorah, hiki nani kakiweka?"

Akainama kuangalia. "Si yule fundi wa Sirari? Alisema katumwa na Mzee. Nikamuuliza ni cha nini, akasema ni mambo ya Winfrida."

"Ya Winfrida?"

"Ndiyo. Nikajua ni mashine yake. Nikamsogezea na maboksi, asije mtu akakipiga teke."

Tukatazamana, yeye juu na mimi chini. Mtu anayefukuzwa kwa ajili ya kile kitu ndiye aliyekuwa anakilinda.

Sikutaka kukisia tena. Nikaukamata ule waya mpya, nikauchomoa.

Nilipotoka chini ya meza, mstari mwekundu ulikuwa umeanguka chini kabisa, umelala. Mlango wa chumba cha ultrasaundi ukafunguliwa kwa kishindo. Winfrida akatoa kichwa, kofia yake ya kazini imekaa upande.

"Zimekwenda! Zote! Hata za juzi!" Akapiga makofi. "Si nilisema? Mmemtoa Dorah tu, intaneti hiyoo!"

"Nipo," akasema Dorah kutoka kwenye kiti chake.

Winfrida akaiweka sawa kofia yake. Simu yangu ikaita. Ni Elia, mume wangu.

"Uko wapi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea haraka.

"Kerende, kituoni."

"Usitoke ndani. Kaka amepiga kutoka Kehancha. Ng'ombe wa Winfrida wameibwa."

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Winfrida anaolewa na Steven, mtoto wa Mzee Mniko. Ndiyo, wa kituo hiki. Mahari ilishajadiliwa. Kikao kilikaliwa nyumbani kwangu, na mimi mama wa binti nilikuwa jikoni, kama inavyotakiwa, nasikia vicheko na ugomvi kupitia ukutani na kupelekewa matokeo kama ya mpira. Upande wetu aliongoza Machage, kaka mkubwa wa Elia, ambaye boma lake liko Kehancha. Mambo ya ng'ombe hayaamuliwi bila yeye. Ng'ombe wakachaguliwa mmoja mmoja kwenye zizi la Mzee Mniko, ambalo liko hapo hapo nyuma ya kituo cha afya. Kabla hawajaswagwa ikatangazwa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mnyama haruhusiwi kuhama. Basi ng'ombe wetu wakabaki kwao, wanangoja. Tangu siku hiyo Mzee Mniko ananiita mkwe na kusimama mbali nami kwa heshima, hata nikimdai malipo.

"Nani kasema wameibwa?" nikamuuliza Elia.

"Kaka. Anasema hawaonekani. Walikuwepo sasa hivi, wakaganda, dume jekundu likiwa limeinua mguu, halafu giza."

"Machage yuko Kehancha. Ng'ombe wako Kerende. Anawaonaje?"

Nikasikia hatua zake zikisimama.

"Elia."

"Mama Winfrida, hayo ni mambo ya wanaume."

"Mambo ya wanaume nimeyashika mkononi. Yalikuwa chini ya meza ya mapokezi."

Nje ikasikika pikipiki ikifunga breki, na fimbo ikigonga sakafu. Mzee Mniko aliingia mbio, kofia mkononi, na kwa umri wake mbio si kitu cha kuonyeshwa hadharani.

"Mkwe! Rudisha! Chochote ulichochomoa, rudisha!"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, rudisha!"

Nikarudisha, kwa sababu mzee yule ana presha na sikutaka aanguke kwenye kituo chake mwenyewe. Mstari mwekundu ukapanda, ukanyooka. Simu yake ikaita, akaipokea, akasikiliza. Akajifuta jasho. "Wameonekana," akatuambia, kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji.

Kisha ikabidi aeleze. Aliongea akiangalia kalenda ukutani, maana kumwambia mama wa binti habari hizo ukimtazama ni aibu.

Machage, ilipotangazwa karantini, hakukubali hivi hivi. Ng'ombe wakikaa miezi kwa mwenye kutoa, alisema, wanaweza kubadilika. Mtamba mnene anaingia usiku, asubuhi anatoka mwembamba mwenye rangi ileile, na mtu anaambiwa ni majani yamekauka. Akataka awaone kila siku. Vijana wakasema kuna kamera. Wazee wakakubaliana: picha isikatike mpaka karantini iishe. Ikikatika, upande wa kijana wamebadilisha, na mazungumzo yanaanza upya. Mzee Mniko akaapa mbele ya wote.

"Kwanza niliweka moja," akasema. "Shemeji yako akasema anaona vichwa tu, mahari si vichwa. Nikaweka ya pili. Akasema ya pili inaonyesha mikia. Nikaweka ya tatu. Akasema haoni alama za masikio, fundi akaziongeza ubora."

"Na anaangalia mwenyewe, kwenye simu?"

Mzee akakohoa. "Ameweka kwenye televisheni. Pale kwenye hoteli yake ya chai. Wazee wanakuja kuangalia. Nasikia wengine wanatoka mpaka Isebania."

Dorah akaanza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega tu, kisha akashindwa akalaza kichwa kwenye kaunta. "Yawa! Ndugu zangu wa Kenya kumbe ni ng'ombe!"

"Mzee," nikasema, "barua ya Dorah ulikuwa unakuja kuisaini. Hukujua ni kamera zako?"

"Mkwe, nilijua kamera zinakula umeme. Hilo nililipa. Kwamba zinakula na intaneti, nani aliniambia? Sylvester alisema mchoro umesema."

Sote tukamtazama Sylvester. Alikuwa bado ameshika waya wa umeme wa Dorah.

"Mchoro ulisema mapokezi," akajitetea kwa sauti ndogo.

Winfrida alikuwa hajasogea mlangoni. "Mama," akasema, "ina maana hao ni ng'ombe wangu?"

"Ndio mchwa wako. Hawavai wigi."

Akaangalia chini. Kisha akamwangalia Dorah. "Dada Dorah, mimi…"

"Hongera kwa mahari," akasema Dorah. "Wanaonekana vizuri, nimesikia."

Nilidhani baada ya hapo kazi ni ndogo. Kosa limeonekana, litolewe. Lakini kule kwetu kosa likishakalishwa kwenye kikao na kunyweshwa pombe linakuwa na ndugu.

"Tunazima kamera," nikasema. "Mzee, zima."

"Siwezi. Nimeapa. Nikizima, nimewabadilisha."

"Sylvester."

"Mimi ni mwajiriwa, mama. Nikizima ng'ombe za bosi…"

Nikampigia Elia. "Mwambie kaka yako picha inazimwa, aje aone kwa macho."

"Nimwambie mimi? Kaka mkubwa?" Alivuta pumzi. "Ongea na Winfrida aongee na Steven, Steven aongee na baba yake."

"Baba yake yuko hapa. Anaangalia kalenda."

Sylvester, ambaye hapendi karatasi iharibike, akatoa pendekezo. Dorah apewe likizo mpaka karantini iishe, kwa kuwa barua ilishachapwa. Hivyo hakuna atakayeumia.

"Nani hataumia?" nikamuuliza.

"Kwa ujumla," akasema.

Mimi ni mtu wa vitendo. Nikajaribu njia ya kistaarabu kwanza. Swichi yangu inaweza kulibana tundu moja, lipitishe kidogo tu, kama kubana koki. Nikakaa kwenye kaunta, nikalibana la mapokezi. Mstari ukashuka nusu, picha za Winfrida zikaanza kwenda. Mzee akatabasamu kwa kalenda. Niliamini tumemaliza.

Simu ya Mzee ikaita. Safari hii aliweka sauti kubwa, ili tuteseke wote.

"Mniko!" Ilikuwa sauti ya Machage, na nyuma yake vikombe na kelele za wazee. "Umewapaka nini hao ng'ombe? Wamekuwa viraka viraka! Dume lina vichwa viwili! Hapa wazee wanauliza kama ni mchezo!"

"Mtandao tu, Machage, unasumbua…"

"Wacha hiyo story ya mtandao! Jana ulikuwa sawa! Huyo mtamba mweusi alikuwa na doa, sasa doa liko kwa ukuta! Mimi nakuja na vijana, tuanze kikao upya!"

Mzee Mniko akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, machoni kabisa, kwa kusahau. Nikaachia koki. Dume likarudi kuwa na kichwa kimoja. Chumbani kwa Winfrida nikamsikia akisema, "Aa, zimeganda tena." Kwenye benchi, mama mmoja mwenye mimba kubwa akaanza kukusanya vitu vyake bila kuambiwa. Alishazoea.

"Kaa, mama," nikamwambia. "Unarudi na majibu leo."

Nikamgeukia Mzee Mniko. "Mzee, kwenye kile kikao mimi nilikuwepo?"

"Ungekuwepoje? Ulikuwa jikoni."

"Niliapa?"

"Wanawake hawaapi mambo ya ng'ombe, mkwe. Unajua."

"Najua. Na upande wangu ni upi? Wa mtoa au wa mpokea?"

"Wa mpokea. Wewe ni mama wa binti."

"Basi nikikata mimi, wewe hujabadilisha kitu. Wala Elia hajamkosea kaka yake. Wala Sylvester hajamzimia bosi. Katika watu wote walioko hapa, mimi ndiye ambaye sikuhesabiwa." Nikafungua begi langu, nikatoa plaizi. "Kwanza hiyo barua."

Mzee akaichukua barua mkononi mwa Sylvester, akaiangalia kana kwamba imeandikwa Kichina. "Irudishe ilikotoka," akamwambia.

"Ilitoka kwenye printa, Mzee."

"Basi ichane."

Sylvester akaichana mara mbili, akaviweka vipande mfukoni. Dorah akazitundika funguo kwenye msumari wake, akavuta daftari la wagonjwa, kisha akaliacha.

"Hapana," akasema. "Hili nitaliona."

Tukatoka nyuma. Nilitangulia na plaizi, Dorah akafuata na kompyuta yangu imefunguliwa mikononi ili auangalie mstari, Sylvester nyuma yake, na Mzee Mniko akabaki mbali, amesimama kwa heshima. Winfrida alikuwa dirishani. Zizi lilikuwa zuri, miti mipya, na kamera tatu juu ya nguzo kama kwenye benki. Ng'ombe walikuwa wanacheua. Kwa kweli walikuwa ng'ombe wazuri. Sikuwahi kuwaona kabla ya pale.

Nikampigia Machage kwa simu yangu, nikaweka sauti kubwa, nikafungua lango nikaingia katikati yao.

"Nani huyo mwanamke kati ya ng'ombe?" ilisema simu.

"Ni mimi, shemeji. Shikamoo."

"Marahaba… Mama Winfrida? Unafanya nini huko? Toka mbele ya dume, wazee hawaoni!"

"Wananiona mimi?"

Nikasikia mnong'ono, kiti kikiburutwa. "Wanakuona. Mmoja anasema umenenepa."

"Mwambie asante. Wazee, shikamooni. Mimi ni mama wa Winfrida, upande wa binti. Mnitazame usoni msije mkasema ni mtu wa Mniko. Hawa ng'ombe wako sawa, dume ni lile lile, mtamba ana doa lake. Waangalieni vizuri sasa, wote, na masikio yao."

"Kwa nini? Kuna nini?"

"Kwa sababu mnawaangalia kwa intaneti ya wajawazito. Picha zao haziendi kwa daktari. Winfrida huyu mnayemlindia mahari ndiye anayeshindwa kufanya kazi kwa sababu ya mahari yake."

"Mimi sikuambiwa hivyo! Mniko alisema ni waya wa bure!"

"Sasa nimekuambia mimi. Anayetaka kuwaona tena, aje achunge."

Nikapanda juu ya pipa la maji. Waya ukichomolewa, kuna mtu atakuja kuuchomeka tena, nawajua. Nikaukata wa kwanza.

"Mikia imepotea!" akapiga kelele Machage.

Nikahamisha pipa. Mzee Mniko, kule mbali, alikuwa amegeuka anaangalia milima, ili aweze kuapa kwamba hakuona. Nikakata wa pili.

"Mama, mstari unashuka," akasema Dorah. "Umefika katikati."

"Mura, mdogo wangu, zungumza na mke wako!" Machage alikuwa sasa anamfokea Elia kwenye simu nyingine, niliisikia sauti ya mume wangu kwa mbali, ndogo, ikisema atajaribu. Dirishani Winfrida alikuwa ameweka mikono kichwani. Sikujua kama ni kwa ajili ya ng'ombe au picha.

Kamera ya tatu ilinitazama usoni kabisa. Nikatengeneza kitambaa changu cha kichwa.

"Shemeji," Machage akasema, na sauti ilikuwa imelainika, ya mtu mwenye hoteli iliyojaa, "subiri kwanza, tuelewane. Wazee hapa hawajamaliza chai, wanaomba tu…"

Nikakata waya, kisha nikakata na simu.